Gari la Mwezi wa Nane

Juu ya kompresa, kwenye ukuta wa gereji ninayofanyia kazi, imetundikwa kalenda ambayo hakuna aliyeifunua tangu nilipofika. Imekwama mwezi wa nane. Mwaka wake hausomeki, maana pembe ya chini imeliwa na grisi na vidole vya watu. Aliyeileta hakumbukwi. Kazi yake siku hizi ni kuziba tundu la ukuta, basi. Lakini picha yake, ukiipangusa vumbi la pati, bado ni nzima: gari jeupe la wazi, viti viwili, boneti ndefu kama mwezi wa Januari, na ubavuni, nyuma ya tairi la mbele, tundu la hewa mithili ya shavu la samaki. Chini yake, kwa herufi ndogo: BMW 507.

Nilipoliona mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, na matokeo yangu mama aliyatia kwenye mfuko wa nailoni akayaweka chini ya godoro. Wengine huweka vyeti hapo kwa kuvitunza. Mama aliviweka kwa kuvificha. Gereji nilipelekwa nikajifunze kunyoosha bodi na kupiga rangi, "walau uwe na mkono," kama alivyosema. Mkono niliupata. Lakini usiku, chini ya taa ya kuchaji, mkono huo huo ulikuwa ukiandika riwaya, na jambo hilo sikumwambia mtu kwa miaka miwili.

Riwaya yangu ilikuwa na tajiri. Msomaji, nakuomba usicheke. Ilikuwa riwaya ya mapenzi na kisasi, inaanzia Kariakoo mwaka 1962 na kuishia baharini, na humo ndani kuna tajiri anayempokonya kijana maskini mchumba wake. Tajiri sharti awe na gari. Nami nilikuwa nalo tayari, linanitazama kila nikiwasha kompresa. Nikampa. Nikamshusha nalo Mtaa wa Msimbazi jioni, turubai limekunjwa nyuma, watoto wanalikimbilia, wanawake wanachungulia madirishani. Ukurasa mzima. Sikujua injini yake ina silinda ngapi, sikujua lilitoka mji gani, sikujua hata usukani wake uko upande upi. Lilikuwa zuri, nami niliona uzuri unatosha.

Katika sura ya saba tajiri analigonga gari kwenye mti, na fundi anayelinyoosha ni yule yule kijana aliyepokonywa mchumba. Hiyo ndiyo sura niliyoipenda kuliko zote. Niliiandika mara sita.

Kaka yangu anaendesha bodaboda. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi laki na nusu ya kufungulia injini ya pikipiki, maana ilikuwa inakula oili mpaka inatoa moshi kama jiko la kuni. Nilipomweleza kuwa nina riwaya na inataka kuchapwa, alikaa kimya, akaniuliza swali moja tu: "Dogo, ina mwisho?" Nikamwambia inao. Akanipa zile hela zote. Kurasa 312, zimechapwa, zimetolewa, zimefungwa kwa ringi nyeusi. Nikazipeleka kwa mchapishaji mmoja ambaye sitamtaja. Baada ya miezi minane bahasha ikarudi. Hakukuwa na barua. Kulikuwa na muhuri wa tarehe ya kupokelewa na muhuri wa tarehe ya kutoka, na kati ya mihuri miwili hiyo sijui kama kuna jicho lililopita juu ya hata ukurasa mmoja.

Basi bwana, nikafanya jambo la kijinga. Niling'oa ile ringi, nikatenganisha sura moja moja, kila sura nikaiandika juu kwa penseli "ya kurekebisha", nikazipanga kwenye boksi la mafuta ya kula. Zikakaa humo mwaka na zaidi. Kaka akiniuliza, "Vipi ile kazi?" namjibu, "Nimeifungua, naipanga upya." Hiyo ni lugha ya gereji, na sisi wa gereji tunaijua maana yake. Gari likishafunguliwa, injini iko chini, milango imeegemezwa ukutani, mwenye gari akija unamwambia, "Tuko nalo, bosi." Wakati kuku wameshaanza kutaga kwenye buti.

Masika yaliyopita paa la chumba changu lilivuja, nikalihamishia lile boksi gereji, nikalisukuma chini ya meza ya vifaa. Sikufikiri. Jumatatu moja nikatumwa Gerezani kufuata rangi, niliporudi nikakuta Corolla imeshazibwa vioo tayari kupigwa rangi. Kijana mwenzangu alikuwa ameishiwa magazeti. Alikuwa amepata karatasi nzuri nyeupe chini ya meza.

Na mbele ya kioo kikubwa cha hiyo Corolla alikuwa amesimama Mzee, mikono nyuma, miwani imeshuka puani, anasoma.

Mzee ndiye mwenye gereji. Umri wake umeshavuka sabini. Alianza kunyoosha bodi akiwa mtoto, na mpaka leo akitaka kujua kama mlango umenyooka hatazami, anafumba macho na kupitisha kiganja. Nilimwamkia. Hakuitikia. Alimaliza kioo cha mbele, akazunguka akasoma cha mlango wa dereva, akainama akasoma kile kidogo cha nyuma.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, Mzee."

"Hapa umesema huyu fundi alipuliza moto mpaka aluminiamu ikaiva ikawa nyekundu kama kaa la moto. Uliona wapi?"

Ukweli ni kwamba neno aluminiamu nililiandika kwa sababu lilisikika la kitajiri. Kama bodi ya huyo tajiri ingekuwa ya bati kama ya daladala, nani angemwogopa? Nikabaki nimesimama na makopo yangu ya rangi.

"Aluminiamu haiivi ikawa nyekundu," akasema Mzee. "Chuma ndicho kinachokuonya. Kinabadilika rangi, unajua sasa kimepata moto. Aluminiamu inakutazama tu, nyeupe vile vile, halafu ghafla inaanguka chini kama uji. Huyu fundi wako kamwaga bodi ya watu. Na hili gari umelitoa wapi?"

"Kwenye kalenda, Mzee."

"Unalijua?"

"Naliona kila siku."

"Sikukuuliza kuona."

Kisha akaniamuru nitoe karatasi zangu zote kwenye Corolla, taratibu, zisichanike, na yule kijana akanunue magazeti.

Usiku ule nilinunua bando la simu kwa hela ya chai. Nilitaka kumkomoa Mzee, sitaki kusema uongo. Nilitaka kurudi asubuhi na kumwambia gari hilo ni la chuma na mimi fundi wangu yuko sahihi kwa njia nyingine. Nikakuta ni la aluminiamu kweli. Kumbe nilikuwa nimebahatisha! Bodi yote ilikuwa ya aluminiamu iliyopigwa kwa mkono, na injini nayo ya aluminiamu, silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, lita 3.2, nguvu za farasi 150. Nikaendelea kusoma mpaka simu ikazima.

Kwanza idadi ndiyo iliyoniua. Magari yaliyotengenezwa ni 252 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, kuanzia mwisho wa 1956 hadi 1959, halafu basi. Dunia nzima, 252! Mtaani kwetu bajaji peke yake zinapita hapo. Na mimi moja nilikuwa nimeliteremsha Msimbazi kama mtu anayeshusha gunia la mchele.

Kisa chenyewe ni hiki. Huko New York alikuwepo mfanyabiashara mzaliwa wa Austria, Max Hoffman, aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya Marekani. Huyu alikuwa na jicho. Mercedes-Benz 300 SL ilifika barabarani kwa kusukumwa na yeye, na Porsche Speedster vile vile. Akawaambia BMW wa Munich: nitengenezeeni gari la wazi, la mwendo, zuri, liuzwe kama dola 5,000, nami nitawauzia kwa maelfu. Mchoro waliokuwa nao BMW hakuupenda. Akampendekeza mtu wake, Albrecht von Goertz, Mjerumani wa ukoo wa kikabaila aliyehamia Marekani mwaka 1936 na kufanya kazi ya kuchora magari huko. Goertz akachora. Mwaka 1955 gari likaonyeshwa New York katika hoteli ya Waldorf-Astoria, na watu wakashika vichwa.

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Lile umbo halikukubali mashine. Ile mikunjo ya ubavu, ule mteremko wa boneti, vyote vilitaka mtu na nyundo. Kila bodi ikapigwa kwa mkono, na kwa kuwa mkono ni mkono, hapakuwa na mbili zilizolingana sawasawa. Kulikuwa na paa gumu la kufunga juu wakati wa baridi. Paa la gari hili ukilipeleka kwenye lile, halikai. Gharama ikapanda, ikapanda tena. Ujerumani bei ikaanzia zaidi ya mark 26,000. Marekani gari lililoahidiwa kwa dola 5,000 likafika dola 9,000 na kupita. Kwa bei hiyo yale maelfu ya Hoffman yakayeyuka kama aluminiamu ya Mzee. Na BMW, kwa kila gari walilouza, wakazidi kupata hasara.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba miaka ile ile, chini ya jina lile lile, BMW walikuwa wanatengeneza Isetta. Kama hujaiona, ni kigari cha mviringo kama yai, injini ya pikipiki yenye silinda moja, mlango mmoja tu, nao uko mbele, unafunguka kama jokofu. Ndugu yake bajaji, kwa kweli. Isetta ziliuzwa zaidi ya 160,000. Yaani yai ndilo lililokuwa likiwalisha, na yule mrembo ndiye aliyekuwa akila. Hata hivyo hakula peke yake, maana BMW walikuwa pia na magari makubwa ya kifahari yasiyolipa, na hasara ya mwaka 1959 ilifika kama mark milioni 15. Tarehe 9 Desemba 1959 wenye hisa wakaitwa Munich kwenye mkutano. Uongozi ulikuwa umeshapanga kampuni ichukuliwe na Daimler-Benz, wale wenye Mercedes. Wenye hisa ndogo ndogo na wauza magari wakagoma. Wakasimama mmoja mmoja kubisha, mwanasheria wao akaonyesha kasoro katika mizania, mpango ukakwama. Baadaye Herbert Quandt, tajiri mwenye hisa, akatia fedha zaidi, na BMW ikabaki BMW.

Asubuhi nilimsimulia Mzee. Alikuwa anapiga msasa, hakuacha. Habari za hisa na Daimler-Benz zilimpita. Lakini nilipofika kwenye paa lisiloingia gari jingine, alinyoosha mgongo.

"Kwa hiyo kila moja lilikuwa na mama yake," akasema. Akacheka peke yake.

Tangu siku ile ikawa kila asubuhi ananiuliza, "Haya, Mjerumani kasemaje?" Nami nina cha kumpa. Nilimpa habari za John Surtees, mtu pekee aliyekuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na wa magari ya Formula One. Alilipata 507 yake mwaka 1957, akiwa kijana wa pikipiki, akaishi nayo hadi alipofariki mwaka 2017. Miaka 60 na gari moja! Aliliendesha, akalibadilishia breki, akalitunza. Mwaka uliofuata likauzwa kwenye mnada huko Goodwood, Uingereza, kwa zaidi ya pauni milioni 3.8. Kwa viwango vya wakati ule hizo zinapita shilingi bilioni kumi zetu. Mimi nasema kutoa fedha hizo kwa ajili ya viti viwili na turubai ni wazimu, na anayebisha abishe. Wengi wanaonunua magari haya hawayaendeshi. Wanayafungia kwenye banda lenye kiyoyozi na kuyafunika shuka. Surtees simhesabu humo. Yeye alilichafua.

Lakini lililonikosesha usingizi ni la mwanajeshi.

Elvis Presley, mwimbaji wa Marekani, alipelekwa Ujerumani kutumikia jeshi mwaka 1958. Kambi ilikuwa Friedberg, na nyumba yake ilikuwa mji wa jirani, Bad Nauheim. Desemba ya mwaka ule akapata 507 jeupe. Halikuwa jipya, kabla yake liliwahi kushindanishwa na Hans Stuck, dereva maarufu wa mbio. Basi wasichana wa Ujerumani wakawa wanaliotea lilipoegeshwa, wanaliandika ujumbe wa mapenzi kwa rangi ya midomo. Kila asubuhi gari jeupe, maneno mekundu. Mwisho Elvis akachoka kufuta, akaamuru lipigwe rangi nyekundu.

Mzee hapo alicheka mpaka akakohoa. "Huyo alikuwa na akili. Doa likikushinda, lifanye liwe rangi." Akaniuliza kama walikwangua ile nyeupe kwanza au walipiga juu kwa juu. Ni swali la fundi, na mimi nikaona aibu kwamba halikunijia.

Elvis alirudi kwao mwaka 1960 akaliacha gari huko huko. Likavuka bahari bila yeye. Mtangazaji mmoja wa redio wa Alabama akalinunua, akang'oa ile injini ya aluminiamu na kutia ya Chevrolet, akashindania mbio. Likauzwa tena. Mwaka 1968 likaangukia kwa mhandisi mmoja wa mambo ya anga, huko California. Alikuwa akiliendesha. Baadaye akalifungua ili alirekebishe vizuri, lirudi kama lilivyokuwa.

Akaliweka kwenye ghala la maboga.

Nilisoma sentensi hiyo nimelala chali, na simu ikaniangukia usoni. Ghala la maboga. Nikaliona: bodi bila injini, viti havipo, taa zimetolewa zimeacha matundu, na kando yake maboga yamepangwa, msimu mmoja yanaingia, msimu mwingine yanatoka. Na mtu mwema, anayelijua gari hilo kuliko watu wote, anakusanya spea moja moja, anaweka, anangoja siku itakayofaa. Bila shaka watu walikuwa wakimuuliza. Bila shaka alikuwa na jibu. Kutoka 1968 hadi 2014 ni miaka 46.

Nilishuka kitandani nikafungua lile boksi, wakati huo nilikuwa nimeshalirudisha nyumbani. Sura ya saba ilikuwa na rangi ya fedha ya Corolla pembezoni. Nikazihesabu karatasi kwa mwanga wa simu. Zilikuwa 309. Tatu sikuzipata hadi leo. Nadhani zilipigwa rangi zikatupwa. Wewe unayeandika kama mimi, unayejua ladha ya kusema "naipanga upya", fikiria mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nikijumlisha 46 nakuwa sabini, umri wa Mzee, na boksi liko pale pale.

Mwaka 2014 yule mhandisi alikubali gari lichukuliwe na BMW wenyewe wakalirekebishe Munich. Kwanza waliliweka kwenye makumbusho yao lilivyo, limechakaa, watu walione. Kisha mafundi wakakaa nalo takribani miaka miwili. Wakajenga injini upya kwa spea za asili. Vitasa vya milango na vya kupandishia vioo wakavitoa kwa mashine zinazochapa kitu kizima kizima, umbo na unene wake. Mwezi wa nane wa mwaka 2016 likaonyeshwa Pebble Beach, California, jeupe kama siku ya kwanza, bila hata tone la rangi ya midomo. Mwenyewe hakuliona. Alikuwa amefariki Novemba 2014, gari likiwa Munich.

Hili nilimweleza Mzee jioni, wakati wa kufunga. Nilitegemea atasema neno. Alikuwa anakusanya nyundo zake, akazifunga kwenye kitambaa kama anavyofanya siku zote, halafu akaniuliza, "Hilo boksi lako kwa nini hujalirudisha hapa? Au unangoja maboga?"

Kesho yake nilikuta madigadi ya Land Rover kuukuu imelazwa kwenye meza yangu. Land Rover za zamani bodi zake ni aluminiamu. Waingereza walipoanza kuzitengeneza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Mzee aliizoea aluminiamu huko, kwenye Land Rover za serikali na za wawindaji, sikuwahi kumuuliza. Madigadi ilikuwa na shimo la ngumi mbili.

"Huyo fundi wako wa sura ya saba," akasema, "leo atafundishwa kazi."

Akatoa kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia. Akakisugua juu ya shimo na pembeni yake, ukabaki utando mweupe. Akaniwashia moto. "Usitazame aluminiamu, haitakwambia kitu. Tazama sabuni. Ikigeuka kahawia inakaribia kuwa nyeusi, ondoa moto. Hapo imelainika. Ukizidisha, uji." Nikapitisha moto mbali mbali, nikizungusha, jasho linaniingia machoni. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha pembeni utando ukaanza kuiva kama mkate, kahawia ikatambaa kuelekea katikati. Nikaondoa moto. Tukaiacha ipoe. Nilipoibonyeza kwa kidole gumba ilikuwa imelegea kama si ile.

Nikaigeuza, nikaweka mfuko wa mchanga chini, nikaanza na nyundo ya mti. Aluminiamu ina tabia yake: unavyozidi kuipiga inazidi kuwa ngumu, inakukataa, inabidi urudi tena kwenye sabuni na moto. Nilirudi mara tatu. Siku nzima iliniishia kwenye shimo lile, na gereji ilikuwa na kazi za watu. Mzee hakusema kitu.

Usiku niliandika sura ya saba upya kwa kalamu, kurasa tisa, na tajiri nimemnyang'anya gari lake. Halikuwa na njia ya kufika Msimbazi. Nimempa Land Rover ya idara, amejipatia kwa hila, na fundi wangu sasa ana kipande cha sabuni mfukoni. Ukurasa ule wa watoto kukimbilia na wanawake kuchungulia umekwenda. Uliniuma, maana kaka alikuwa ameulipia.

Yeye ndiye niliyemsomea kwanza. Alisikiliza amekaa juu ya pikipiki yake, ambayo bado inatoa moshi. Nilipomaliza akaniuliza, "Na lile gari zuri la Mjerumani?"

"Nimelitoa, kaka."

"Lilikuwa la kurasa ngapi?"

"Kama ishirini na mbili hivi, ukizihesabu zote."

Akapiga hesabu kichwani, namwona kabisa, ya shilingi ngapi kwa ukurasa. "Sawa," akasema. "Zilizobaki zifike mwisho." Akapiga kiki, akaenda kutafuta abiria.

Nimefika sura ya kumi na moja. Kalenda ipo vile vile. Juzi kijana wa rangi alitaka kuing'oa azibie vioo, nikamwambia atafute magazeti.

Madigadi nayo niliimaliza siku ya pili, nikaipiga msasa mpaka nikaona uso wangu umekuwa ukungu juu yake. Nikamwita Mzee. Alivua miwani akaitia mfukoni, akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka ukingo hadi ukingo, polepole, akarudi tena. Mkono ukasimama.

"Hapa," akasema. "Bado."

Nikaweka kidole changu pale. Kweli bado.